Kijijini enzi za Malkia Victoria, huna nyumba huoi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Makala yenu ya mapenzi ya enzi za Malkia Victoria, ile ya kijana wa kibwanyenye na binti wa kijijini, nimeisoma yote mpaka nukta ya mwisho na imeniuma kidogo, manake mmeiandika kama vile shida ilikuwa wazazi wenye roho ngumu tu, wakilainika basi, harusi inafungwa na maisha yanasonga. Mi naona kuna kitu kikubwa mmekiruka. Kwenye vijiji vya Uingereza, tangu Victoria alipokalia kiti 1837 mpaka alipofariki 1901, kilichokuwa kinaamua nani aoe na nani asubiri ni ardhi na nyumba, nani anazimiliki na nani analala humo kwa hisani ya mwingine. Roho ya mzazi inakuja nyuma ya hapo, na mara nyingi mzazi mwenyewe hakuwa hata na la kusema.

Chukua kijiji cha kawaida cha kusini mwa nchi ile. Juu kabisa kuna mwenye ardhi, anaishi kwenye jumba lake limejitenga na miti, na mashamba karibu yote ya pale ni yake na nyumba nyingi pia ni zake. Ila halimi yeye. Amewakodisha wakulima wakubwa, na hao ndo wanaajiri vibarua. Katikati kuna mchungaji wa Anglikana, fundi chuma, fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mwenye duka, mwenye kilabu cha pombe. Chini kabisa vibarua wa shambani na familia zao, ambao ndo wengi kuliko wote. Na kila mtu anajua mahali pake hata kanisani, familia ya mwenye ardhi ina viti vyake vya mbele, wakulima wanafuatia, vibarua wako nyuma kwenye mabenchi ya bure.

Joseph Arch, aliyezaliwa kijiji cha Barford huko Warwickshire mwaka 1826, alisimulia alivyochungulia kwenye tundu la ufunguo wa mlango wa kanisa akiwa mtoto, siku baba yake amebaki ndani kwa ajili ya komunyo. Akaona mwenye ardhi anakwenda mezani kwanza, kisha wakulima, kisha mafundi na wenye maduka, na mwisho kabisa vibarua na magwanda yao ya kazi, akiwemo baba yake, wakipiga magoti peke yao bila mtu mwingine kuchanganyika nao. Yule mtoto aliapa hatakaa kwenye foleni ile maisha yake. Sasa niambieni, watu ambao mbele ya Mungu wenyewe hawawezi kupiga magoti pamoja, mnategemea watoto wao wakutane wapi wachumbiane? Barford hiyo hiyo wanawake wa vibarua walikuwa wakiingia kanisani wanakwenda kwanza mpaka mbele, wanampigia goti mke wa mchungaji, ndo wanarudi kukaa.

Nirudi kwenye nyumba, manake hapa ndo penye kiini.

Kibarua wa shambani alikuwa hana nyumba yake. Anakaa kwenye kijumba cha mwenye ardhi au cha mkulima anayemwajiri, na kazi ikiisha nyumba nayo imeisha, anabeba vitu vyake na watoto anatoka. Kwa hiyo kijana akitaka kuoa, swali la kwanza analoulizwa ni tutalala wapi, na jibu hana yeye, hana baba yake, liko kwa bwana mwenye nyumba. Na mabwana wengi walikuwa hawataki nyumba ziongezeke. Sababu ni hesabu tu. Kwa sheria ya masikini ya wakati ule kila parokia ilikuwa inabeba gharama za masikini wake yenyewe, na hela hizo zinatoka kwenye kodi wanayolipa wenye mashamba, hivyo familia mpya ya kibarua ni mzigo unaoweza kukuangukia kesho akivunjika mguu. Wakaona dawa ni kutojenga, na wengine wakabomoa kabisa vijumba vilivyokuwepo. Vijiji vya hivyo viliitwa vijiji vilivyofungwa. Vibarua wakarundikana kwenye vijiji vya jirani ambavyo havina bwana mmoja, vyumba viwili watu wanane, na asubuhi wanatembea maili kadhaa kwenda kufanya kazi kwenye shamba la kule kule walikonyimwa kuishi. Mpaka 1865 ndo sheria ikabadilishwa gharama zikawa zinagawanywa kwa muungano wa parokia zote, angalau ile sababu ya kubomoa ikapungua.

Kwa hiyo ukisoma kwamba watu wa kule walikuwa wanaoana wakiwa na miaka ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na sita, usifikiri ni kwa sababu walikuwa wazito kupenda. Walikuwa wanangoja mlango.

Na mshahara je? Mwaka 1850 na 1851 bwana mmoja anaitwa James Caird alizunguka kaunti nyingi za England akiandika habari za kilimo, akakuta kaskazini kibarua anapata wastani wa shilingi 11 na peni 6 kwa wiki, na kusini shilingi 8 na peni 5 (shilingi ya kule wakati ule ilikuwa peni 12, na shilingi 20 ndo pauni moja). Kaskazini walipata zaidi kwa sababu kulikuwa na viwanda na migodi karibu, mkulima akibana sana vijana wanaondoka. Kusini walikuwa hawana pa kukimbilia. Kwenye shilingi 8 hizo toa kodi ya nyumba, toa mkate ambao ndo unakula karibu hela yote, baki ni viatu. Kaunti ya Dorset, huko huko kusini, ndo ilijulikana kwa mishahara midogo kuliko kote, na ndo huko huko, kijiji cha Tolpuddle, wanaume sita walisafirishwa mpaka Australia kama wahalifu mwaka 1834, miaka mitatu tu kabla ya Victoria, kwa sababu walikula kiapo cha kuungana wasikatwe mshahara. Wenyewe walishashushwa mpaka shilingi 7 na wakaambiwa itafika 6. Watu wenye wake na watoto!

Halafu kuna lile tishio lililokuwa juu ya kila ndoa ya masikini, nyumba ya masikini ya serikali. Sheria ya 1834 iliweka kwamba ukishindwa kabisa kujilisha unaingia kule na familia yako, na ukishaingia mume anakwenda upande wa wanaume, mke upande wa wanawake, watoto upande wao. Wamefunga ndoa kanisani, mchungaji kasema alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe, na parokia ile ile inawatenganisha kwa ukuta kwa kosa la kukosa kazi msimu wa baridi. Ilibidi ifike 1847 ndo sheria ikasema wenzi waliopita miaka 60 wasilazimishwe kutengana. Yaani wale wazee. Vijana waliendelea kutenganishwa. Mi kila nikifikiria mzee na bibi wamekaa pamoja miaka arobaini halafu wanafika mlangoni pale wanaambiwa wewe huku wewe kule, nashindwa kuelewa ilikuwaje nchi nzima ya wacha Mungu ikaona ni sawa.

Sasa makala yenu ilikazania bwana na binti masikini, lakini mpaka uliokuwa unauma kila siku ulikuwa chini ya hapo, kati ya mkulima na kibarua wake. Zamani kidogo vijana wa kazi ambao hawajaoa walikuwa wanalala kwenye nyumba ya mkulima na wanakula meza moja na familia. Kijana anamwona binti wa mwenye nyumba kila asubuhi, anamwona akikanda mkate, anamwona akiwa na mafua, wanazoeana kama watu. Kaskazini na magharibi mtindo huo uliendelea muda mrefu. Lakini kusini na mashariki bei ya ngano ilipokuwa nzuri wakulima wakaanza kujiona mabwana, vibarua wakatolewa mezani, wakaambiwa kila mtu ale kwake, sebuleni ikaingia piano na binti akapelekwa shule ya bweni kujifunza Kifaransa. Baada ya hapo yule kijana wa farasi akimpenda binti yule atamwambia saa ngapi? Nyumba moja, uwanja mmoja, na hawana hata nafasi ya kusalimiana vizuri. Hakuna mzazi aliyekataza kitu, meza tu imeondolewa.

Kuhusu mali pia kulikuwa na woga ambao ni wa haki. Kwa sheria ya kule mwanamke akiolewa mali yake ya kuhamishika inakuwa ya mume moja kwa moja, hata ujira anaoupata kwa mikono yake. Sheria ya 1870 ndo ilimpa mke haki ya kushika ujira wake, na ya 1882 ikampa haki ya kumiliki mali kama mtu kamili. Kabla ya hapo baba mwenye binti na akiba kidogo alikuwa anaona kila mposaji kama mtu anayekuja kuchukua vyote viwili kwa siku moja, na hapo huwezi kumlaumu sana. Matajiri wao walikuwa na wanasheria wa kuandika mikataba kabla ya ndoa, mali ya binti inawekwa chini ya wadhamini mume asiiguse. Mkulima wa kati hana hela za mwanasheria, kinga yake ni moja tu, kuchagua mkwe.

Hata kutangaza ndoa kulikuwa kwa matabaka. Masikini anatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, kila mtu anasikia, mwenye pingamizi anasimama, na kama mmoja yuko chini ya miaka 21 mzazi anaweza kupinga pale pale. Mwenye hela ananunua leseni, haitangazwi, anafunga ndoa kimya kimya bila macho ya kijiji. Halafu mnakwenda kusaini. Daftari la ndoa la serikali lililoanza Julai 1837 lina sehemu ya kazi ya bwana harusi, na sehemu ya kazi ya baba wa kila mmoja. Ukifungua daftari za vijijini ni kibarua, kibarua, kibarua, mstari kwa mstari, mtoto wa kibarua na mtoto wa kibarua, na pale pa saini mara nyingi ni alama ya X. Mwaka 1840 hivi karibu theluthi ya wanaume na nusu ya wanawake waliofunga ndoa England na Wales hawakuweza kuandika majina yao. Lile daftari ndo ushahidi wa kweli wa mapenzi ya enzi zile, Mhariri, kuliko hadithi yoyote ya jumba la kifahari.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi masikini wa kule hawakupenda. Walipenda sana tu. Jumapili mchana kijana na msichana wakionekana wanatembea pamoja kwenye njia za mashambani, kijiji kizima kinajua sasa hawa ni wachumba, hapakuwa na barua wala pete. Kulikuwa na masoko ya kuajiriana, kule kaskazini mwezi wa Novemba, kwingine mwisho wa Septemba, vijana wanasimama uwanjani mchungaji wa kondoo kaweka kishungi cha sufu kwenye kofia, wa mikokoteni kaweka kamba ya mjeledi, wanaajiriwa mwaka mzima, na wakishapata peni ya kufungia mkataba jioni ni ngoma na pombe, na wengi walikutana hapo na wake zao. Wachungaji walipiga kelele miaka ya 1850 na 1860 kwamba masoko yale yanaharibu maadili. Na bibi harusi wengi walikuwa tayari wana mimba siku ya ndoa, kijiji hakikuwa na neno mradi ndoa ifungwe kabla mtoto hajaja. Binti wa jumba kubwa ndo hakuruhusiwa kukaa peke yake na mwanaume hata dakika tano, lazima awepo shangazi au mama, kwa sababu nyuma yake kuna ardhi. Yaani uhuru wa kutembea na mpenzi wako, kitu pekee ambacho masikini walikuwa nacho kuliko matajiri, walikuwa nacho kwa sababu hawana cha kurithisha.

Ila uhuru ule bei yake alilipa mwanamke. Kazi kubwa ya wasichana wa vijijini ilikuwa uhausigeli, sensa ya 1851 ilikuta wafanyakazi wa ndani zaidi ya milioni moja. Anatoka kwao ana miaka kumi na mbili, kumi na tatu, analala darini au jikoni kwa watu, na masharti ya kazi yanasema wazi kwamba hamna kuja na mwanaume. Akionekana na kijana mlangoni anafukuzwa bila barua ya sifa, na bila barua ile hakuna nyumba nyingine itakayomchukua. Halafu ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna kijana wa mwenye nyumba, au mwenye nyumba mwenyewe. Hapo ndo hadithi yenu inapoanzia, na kwa wengi ilikuwa inaishia vibaya. Sheria ya 1834 ilisema mtoto wa nje ya ndoa ni mzigo wa mama peke yake, na ilifanya iwe ngumu sana kumfikia baba. Waliotunga waliamini wasichana watajifunza kujizuia. Mwaka 1844 wakampa mama haki ya kwenda kwa hakimu kudai matunzo, kiwango cha juu shilingi 2 na peni 6 kwa wiki, mwaka 1872 ikapandishwa mpaka shilingi 5. Na hakimu wa kijijini ni nani? Ni mwenye ardhi, au rafiki yake wa jumba la pili. Binti wa miaka kumi na tisa asimame mbele ya yule bwana aseme baba wa mtoto ni mpwa wako na alete ushahidi wa kumuunga mkono. Jaribuni kuifikiria ile dakika.

Kulikuwa na njia nyingine, kumshtaki mwanaume aliyeahidi ndoa akageuka, na wanawake wengi wa kawaida walishinda kesi hizo na kulipwa fidia. Lakini unahitaji barua au mashahidi, na unahitaji kuweza kusoma hizo barua kwanza.

Sasa wale waliovuka kweli. Wapo, na nawataja kwa sababu wanathibitisha ninachosema. Sir Harry Fetherstonhaugh, mwenye jumba la Uppark huko Sussex, mwaka 1825 alimuoa Mary Ann Bullock aliyekuwa msichana wa kwenye banda la maziwa la hapo kwake. Bwana alikuwa na miaka 70 na ushee, msichana kama 20. Inasemekana alimsikia akiimba kazini. Akampeleka Paris akafundishwe, akamfanya mke halali, na alipofariki 1846 akamwachia jumba na ardhi yote, na yule mama akaitunza Uppark mpaka 1874 alipofariki, halafu mdogo wake Frances akaendelea mpaka 1895. Nampa heshima mzee yule kwamba alimuoa badala ya kumharibu. Lakini angalieni aliweza kwa nini. Wazazi walishakufa, watoto wa ndoa hana, na mali iko mikononi mwake mwenyewe hakuna wa kumnyima. Kijana wa miaka 22 anayesubiri urithi wa baba hakuwa na ubavu ule hata kama anapenda mara kumi zaidi. Na kwenye jumba hilo hilo, chini ya Mary Ann ambaye mwenyewe alitoka kwenye maziwa, mtunza bustani Joseph Wells alikutana na Sarah Neal aliyekuwa hausigeli wa Frances, wakaoana 1853. Duka lao huko Bromley likawa halilipi, na mwaka 1880 Sarah akarudi Uppark kuwa msimamizi wa nyumba. Mume akabaki dukani. Miaka mingi waliishi hivyo, mmoja huku mmoja kule, kwa sababu kazi ya ndani ya jumba ilitaka mwanamke asiye na mume pembeni.

Hannah Cullwick naye alizaliwa Shifnal, Shropshire, 1833, akaanza kazi za ndani akiwa na miaka minane. Akiwa London mwaka 1854 akakutana na Arthur Munby, mwanasheria, mtu wa familia nzuri. Walipendana miaka karibu ishirini kabla ya kuoana kwa siri Januari 1873, kwa leseni, sio kwa matangazo. Na baada ya ndoa Hannah akaendelea kuwa mfanyakazi wa nyumba ile, wageni wakija anafungua mlango na kubeba makaa, hakuna anayejua huyu ni mke. Tena hakutaka kugeuzwa bibi wa kukaa sebuleni, alijivunia kazi yake, na mi namuelewa, manake kazi ilikuwa kitu chake mwenyewe na ubibi ungekuwa wa kupewa. Mwaka 1877 wakatengana makazi, akarudi Shropshire vijijini, Munby akawa anamtembelea huko mpaka uzeeni. Hannah akafariki 1909, Munby Januari 1910, na wosia wake ndo ulioitoa ndoa ile gizani. Miaka 36 ya ndoa, na waliokuwa wanajua walikuwa wachache tu.

Na msifikiri ilikuwa lazima uwe hausigeli ndo uzuiwe. Francis Kilvert alikuwa mchungaji msaidizi kijiji cha Clyro, mpakani mwa Wales, kijana aliyesoma Oxford, anaalikwa chai na mchezo kwenye majumba yote ya pale. Mwaka 1871 akampenda Daisy Thomas, binti wa mchungaji mwenye mali wa jirani. Siku ile aliandika kwenye daftari lake kwamba duniani ana sovereign moja tu, yaani pauni moja, na hiyo hiyo anadaiwa. Akaenda kwa baba mtu kama mwanaume anavyotakiwa kwenda. Mzee alimpokea kwa upole lakini akamkatalia, hana kipato, hana uhakika wa kanisa lake mwenyewe. Hakuna aliyefokewa pale, hakuna roho ngumu. Kilvert akaja kuoa mwanamke mwingine Agosti 1879 na mwezi uliofuata akafariki, hajafika hata miaka 39. Daisy hakuolewa maisha yake yote. Wote wawili tabaka moja, kanisa moja, lugha moja, kilichokosekana ni nyumba ya mchungaji na mapato yake. Mi katika yote niliyosoma juu ya mapenzi ya enzi zile hakuna linaloniumiza kama hili la Daisy, kwa sababu hamna hata mtu wa kumkasirikia.

Kilichokuja kulegeza mambo kilitoka nje ya moyo pia. Mwaka 1840 posta ikawa peni moja nchi nzima, hausigeli wa mbali akaweza kumwandikia mpenzi wake kijijini. Reli ikawatoa vijana. Shule zikafunguliwa kwa sheria ya 1870, kusoma kukawa lazima 1880 na bure 1891, zile X zikaisha kwenye madaftari. Na yule mtoto wa tundu la ufunguo, Arch, tarehe 7 Februari 1872 alisimama kijiji cha Wellesbourne chini ya mti akihutubia vibarua mamia kwa mamia usiku wa mvua, ukazaliwa muungano wa vibarua wa mashambani. Mnajua alithubutu kwa nini wenzake wasithubutu? Familia yake ilikuwa inamiliki kijumba chao pale Barford. Hakuna bwana wa kumwambia toka. Mwaka 1884 vibarua wa vijijini wakapata kura, 1885 Arch akaingia bungeni.

Na baiskeli jamani! Baiskeli ya magurudumu sawa ilipoenea miaka ya 1890, kijana aliyekuwa anaishia kumpenda msichana wa umbali wa kutembea kwa miguu sasa anafika vijiji vitatu mbele Jumapili na kurudi kabla ya giza. Watafiti waliopitia daftari za ndoa za Dorset waliona kabisa watu wakianza kuoa mbali zaidi mwishoni mwa karne ile, baada ya miaka mingi ya kuoana kijiji kimoja au cha pili yake.

Ombi langu kwenu ni moja. Safu hii muiendeleze, ni nzuri na vijana wanaisoma, lakini toleo lijalo muwape nafasi Hannah na Daisy, na muwape nafasi wale wasio na majina makubwa walioweka X zao. Picha ya jumba la lodi mliyoweka ukurasa mzima wekeni ndogo, na pembeni yake wekeni ya kijumba cha kibarua, kile cha vyumba viwili, muandike chini yake kilikuwa cha nani.

Ahsante kwa nafasi.

Msomaji wenu